Subaru EJ iliyochanganywa vipuri vya miaka tofauti: dalili, sababu na marekebisho

Injini za EJ za Subaru zina tabia moja inayowaponza wengi: karibu kila kitu kinaingia. Hedi za 2004 zinakaa juu ya bloku ya 1999, tabo ya STI (Impreza ya kasi) inafunga kwenye Forester, bloku ya cc 2,500 inapokea hedi za cc 2,000. Bolti zinashika, hakuna kinachogoma mkononi. Kisha gari halikubali kuwaka, au linawaka na kwenda vizuri miezi miwili halafu linaanza kugonga.

Chanzo cha matatizo mengi ni kwamba vipuri vya EJ vinapaswa kuhama kwa seti, na mahali fulani seti imevunjwa. Kabla hujafungua kitu, jiulize ni seti ipi imegawanywa kati ya injini mbili. Zinazovunjwa mara nyingi ni hizi:

- Pulii ya kranki, pulii ya kamshafti ya kushoto, sensa zake na kompyuta ya injini.
- Sampu (bakuli la oili chini ya injini), bomba la kufyonza oili na kijiti cha kupimia.
- Sensa ya hewa, kasha lake, nozeli na programu ya kompyuta.
- Hedi za AVCS (mfumo unaobadilisha taimingi ya kamshafti kwa nguvu ya oili), valvu zake za oili, pampu ya oili na kompyuta inayojua kuziendesha.
- Kranki na bloku. Bloku za zamani hushikilia kranki isicheze mbele na nyuma kwenye beringi ya tatu. Kuanzia karibu 1999 kazi hiyo ilihamia beringi ya tano. Kranki ya kizazi kimoja haiendi kwenye bloku ya kingine.

Ukinunua injini ya ex-Japan (iliyotumika Japani) kwenye masoko ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, jina "EJ20 turbo" halitoshi. EJ205 ya soko la Japani ina kompresheni ya 9.0:1, EJ207 ya STI 8.0:1, na EJ20X na EJ20Y za Legacy ya 2003 kwenda mbele 9.5:1. Hizi mbili za mwisho zina AVCS kwenye kamshafti za ekzosti pia. Soma namba kwenye bapa la bloku karibu na maungio ya gia boksi. Namba hiyohiyo ndiyo inayosajiliwa, kwa hiyo ukibadilisha bloku peleka taarifa kwa wasajili wa magari, NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania, kabla trafiki hajalinganisha kadi na injini.

Ukaguzi wa kwanza ni uleule kwa dalili zote. Betri isipungue volti 12.4. Oili iwe kwenye alama. Waya za ethi ziwe zimekazwa, hasa zile za kompyuta zinazofungwa kwenye manifoldi ya hewa, kwa sababu manifoldi ikitolewa husahauliwa. Kisha soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta. Kwa magari ya zamani yasiyokubali skana ya OBD2, tumia soketi nyeusi zilizo chini ya dashibodi upande wa dereva: zikiunganishwa, taa ya injini hutoa kodi kwa kumweka. Soketi za kijani zilizo jirani ni za majaribio. Zikiachwa zimeungana, pampu ya mafuta na feni zitawaka na kuzima zenyewe na taa itamweka bila kukoma. Watu wamebadilisha kompyuta kwa sababu ya soketi mbili za kijani.

Stata inazungusha, injini haiwaki

Anza na ethi na soketi za umeme, hasa zile kubwa upande wa gia boksi. Kisha angalia skana wakati stata inazunguka. Ikionyesha mizunguko sifuri, kompyuta haioni kranki, na hakuna haja ya kugusa plagi wala pampu ya mafuta. Ikionyesha mizunguko 150 hadi 250, endelea na mafuta, moto na taimingi (ulinganifu wa kranki na kamshafti).

Kranki ikiwa haionekani, au kodi ikiwa P0335 au P0340, mshukiwa mkuu baada ya kuchanganya injini ni meno ya pulii. Kwa nyuma pulii ya kranki ina meno ambayo sensa huyahesabu. Mfumo wa zamani una meno 6 yasiyo na nafasi sawa. Mfumo mpya una meno 30, yaani mpangilio wa 36 wenye mapengo matatu ya meno mawili mawili. Kompyuta ya meno 6 haielewi meno 30, na ya meno 30 haielewi meno 6. Pulii zenyewe zinaingia kwenye kranki ya injini zote mbili, ndiyo maana kosa halionekani mpaka siku ya kuwasha. Tiba ni kuchukua pulii ya kranki ya injini iliyotoka na kuihamishia kwenye injini iliyoingia. Kwa mifumo inayosoma kamshafti kutoka mbele, hamisha na pulii ya kamshafti ya kushoto yenye meno ya sensa. Hesabu meno kabla ya kufunga mkanda, kwa kuwa baada ya hapo utafungua kila kitu upya.

Taimingi iliyokosewa inafuata. Alama ya kranki kwenye EJ ni mstari mdogo uliochongwa kwenye ukingo wa nyuma wa pulii, ambao hulingana na alama ya pampu ya oili. Mshale ulio mbele ya pulii hauhusiki na mkanda. Ukiufuata mshale, kranki itakuwa imekaa vibaya kwa robo ya mzunguko. Alama sahihi zikilingana, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda. Vivyo hivyo kwa pulii za kamshafti: tumia mistari, acha mishale.

Kwenye hedi zenye kamshafti nne, kamshafti za kushoto husukumwa na springi za valvu. Mkanda ukitoka zinaruka zenyewe, na valvu ya kuingiza na ya kutoa zinaweza kugongana. Zizungushe polepole, kidogo kidogo, huku ukizishikilia kwa spana. Tenshena nayo ibanwe kwenye vaisi ikiwa imesimama wima, taratibu, kwa dakika tatu au zaidi, kisha ipigwe pini. Ukiibana haraka sili ya ndani hukatika, na mkanda utalegea siku nyingine ukiwa barabarani.

Ukimaliza, zungusha injini kwa mkono, soketi ya 22 kwenye bolti ya kranki, mizunguko miwili kamili. Ikigonga kitu kigumu, simama. Usijaribu kwa stata. EJ nyingi ni za aina ambayo valvu na pistoni hukutana taimingi ikikosewa, na stata ina nguvu ya kutosha kupinda valvu.

Mwisho ni funguo. Kompyuta iliyotoka gari lingine lenye kinga ya wizi haitatoa mafuta hadi ioane na kifaa cha funguo cha gari hilohilo. Kama taa ya kufuli inamweka wakati ufunguo umewashwa, peleka kwa mtaalamu mwenye mashine ya kuoanisha. Kukata waya hakusaidii.

Inawaka lakini inamisi, sailensa (mzunguko wa injini ikitulia) inapanda na kushuka

Hewa inayoingia isikopimwa ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Gasketi kati ya manifoldi na hedi zikitumiwa mara ya pili hupumua. Mipira ya mvuke wa krankikesi chini ya manifoldi huwa imekakamaa, nayo hupasuka unapoiinamisha. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio, mbali na manifoldi ya ekzosti na tabo, mtungi wa kuzimia moto ukiwa pembeni. Mahali ambapo mlio unabadilika ndipo penye tundu. Kwenye skana, marekebisho ya mafuta yanayozidi asilimia 15 upande wa kuongeza injini ikitulia, na kurudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, ni ishara ya hewa ya wizi.

Kama marekebisho yako mbali kwenye mizunguko yote, tafuta seti ya hewa na mafuta iliyovunjwa. Sensa ya hewa hupima kwa kudhani kipenyo fulani cha kasha. Ukiihamishia kwenye kasha la mwaka mwingine lenye kipenyo kikubwa, inaripoti hewa pungufu na injini inakosa mafuta. Nozeli nazo zina ujazo wake: za WRX (Impreza ya tabo) nyingi zinatoa kiasi cha cc 420 hadi 440 kwa dakika, za STI karibu 550. Ukiweka za STI bila kubadilisha programu, plagi zinakuwa nyeusi na moshi unanuka petroli. Ukifanya kinyume, yaani nozeli ndogo kwenye injini yenye tabo kubwa, sailensa itakuwa safi kabisa na hatari itasubiri siku ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Hali ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haina dalili ya mapema.

Ikimisi silinda moja, hamisha koili yake kwenda silinda ya jirani uone kama kodi inahama nayo. Kwa injini zenye koili moja kubwa, waya huenda kwa jozi: 1 na 2 pamoja, 3 na 4 pamoja. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko kulia ukiwa umekaa kwenye kiti, 2 na 4 kushoto. Mafundi waliozoea Toyota huhesabu 1, 2, 3, 4 kwa mstari na kupishanisha waya.

Silinda mbili za upande mmoja zikimisi pamoja huku kodi ya P0011 au P0021 ikiwaka, rudi kwenye mkanda: jino moja limeruka upande huo. Kama mkanda uko sawa, toa valvu ya oili ya AVCS upande huo uikague. Kuna vichujio vidogo ndani ya bolti zinazopitisha oili kwenda AVCS na tabo. Injini iliyokaa bohari muda mrefu huwa imeviziba kwa masizi. Visafishe au uweke vipya kabla ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza, maana tabo nayo inakunywa kupitia njia hizohizo na hufa kimyakimya.

Nguvu ni ndogo kuliko ya injini ya zamani

Kabla ya kulaumu tabo, soma shinikizo la manifoldi kwenye skana ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa. Dar es Salaam au Mombasa isome karibu kPa 101, Nairobi karibu 83. Ikisoma tofauti sana na hapo, sensa si ya mfumo huu au imekufa, na kila kipimo kingine kitakuwa cha uongo.

Baada ya hapo tafuta mipira iliyotoka kwenye kuluza ya hewa (intakula). Ziba mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, jaza hewa hadi psi 10 hadi 15, sikiliza. Mara tisa kati ya kumi ni klipu.

Mpira mwembamba unaotoka tabo kwenda solenoidi ya boosti (shinikizo la hewa linalotoka tabo) una kipande kidogo cha shaba ndani chenye tundu jembamba. Watu hubadilisha mpira mkuukuu kwa mpya na kutupa kile kipande bila kujua. Kikikosekana au kikiwa cha ukubwa mwingine, boosti inakuwa ya chini mno au ya juu mno. Boosti ya juu mno hujulikana kwa gari kukatika ghafla ukikanyaga, kama mtu amezima ufunguo, kisha kurudi. Hiyo ni kompyuta inakata mafuta ili kuilinda injini. Usiizibie sensa ili isikate. Hali hii hujitokeza pia ukiondoa masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosti na kuweka bomba pana bila kurekebisha programu.

EJ20X na EJ20Y zina habari yake. Kompyuta ya Impreza au Forester ya 2002 inaendesha AVCS ya kuingiza peke yake. Ile ya ekzosti inabaki yatima, na injini inapoteza nguvu au kutulia vibaya. Ama uweke kompyuta inayomudu zote mbili pamoja na waya zake, ama ufunge kamshafti na pulii za ekzosti zisizo na AVCS na kuziba njia zake za oili. Tabo ya injini hizi ina milango miwili ya ekzosti na inahitaji manifoldi yake. Ukiiweka manifoldi ya kawaida, lazima uweke na tabo ya kawaida. Sampu nayo imekatwa kufuata umbo la manifoldi hiyo, kwa hiyo ukirudi kwenye manifoldi ya zamani, sampu, bomba la kufyonza na kijiti virudi pamoja.

Mlio wa changarawe ukikanyaga mafuta

Sauti kama mawe madogo yakitikiswa ndani ya kopo, hasa kati ya mizunguko 2,500 na 4,500 gari likivuta mlima kwenye gia ya juu. Hapa mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati. Kwenye EJ kinachovunjika kwanza ni kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, na kazi hiyo inaweza kuisha kwa safari moja. Acha kukanyaga mafuta hadi upate sababu. Kuendesha taratibu hadi gereji kunakubalika.

Petroli ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Programu za kiwandani za EJ za tabo za soko la Japani zimepangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Pampu nyingi za huku hazifiki hapo. Injini iliyokuwa kwenye gari lake halisi huvumilia kwa sababu kompyuta hurudisha moto nyuma, yaani huchelewesha cheche za plagi, kila isikiapo kugonga. Injini iliyochanganywa haina tena ziada ya kurudisha. Jaza petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata, katisha kompyuta umeme ili ijifunze upya, kisha jaribu kwa mzigo mdogo. Mlio ukipungua sana, unahitaji programu iliyoandikwa kwa petroli ya hapa.

Usipopungua, piga hesabu ya kompresheni. Kosa maarufu ni kuchukua bloku ya EJ253, ambayo ni ya gari lisilo na tabo na ina kompresheni ya karibu 10:1, kisha kuiwekea hedi na tabo za EJ205 ili kupata cc 2,457 kwa bei ya bloku moja. Pistoni zake hazikutengenezwa kwa boosti. Kipenyo chake ni mm 99.5 dhidi ya mm 92 za EJ20, kwa hiyo gasketi ya hedi iwe ya bloku kubwa. Gasketi ya 92 ikiwekwa hapo, ukingo wake unaning'inia ndani ya chumba cha moto, unakuwa mwekundu na kuwasha mchanganyiko peke yake. Pia EJ20X yenye 9.5:1 ikiendeshwa na programu ya EJ207, iliyoandikwa kwa 8.0:1, itagonga hata ukimwaga petroli ya ndege.

Sensa ya kugonga, kodi P0325, inahitaji mkono wenye adabu. Hukazwa kwa Nm 24 tu, juu ya chuma kisafi kisicho na rangi wala kutu. Ikikazwa kupita kiasi inasikia kugonga kusikokuwepo, na kompyuta inarudisha moto hadi gari linakuwa zito. Ikilegea haisikii kitu.

Kisha pima mafuta. Mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa kwenye kidhibiti, shinikizo liwe psi 41 hadi 46. Ukirudishwa, injini ikitulia, lishuke hadi 30 hadi 34. Linapaswa kupanda sambamba na boosti. Pampu ya gari lisilo na tabo hufikia namba hizi kwenye sailensa bila shida, kisha huishiwa pumzi kwenye mzigo. Kipimo cha kweli ni geji ya hewa na mafuta yenye sensa pana kwenye ekzosti: boosti ikiwa kamili, uwiano uwe kati ya 10.8 na 11.5. Ukivuka 12 chini ya boosti, ondoa mguu mara moja. Kuandika programu ni kazi ya mtu mwenye dainamomita na anayesoma data ya kugonga. Faili la gari la mwenzako, hata liwe la rangi moja na lako, lina nozeli na tabo zake.

Taa ya oili, au mlio mzito wa kugonga kutoka chini

Zima injini. Taa ya oili kwenye EJ si ya kufikisha gari nyumbani.

Kijiti kinakuja kwanza. Sampu za miaka na aina tofauti zina vina tofauti, na kijiti cha sampu nyingine hudanganya kwa nusu lita au zaidi. Mwaga oili yote, badilisha filta, weka lita 4 zilizopimwa, washa dakika moja, zima, subiri, soma. Alama ikiwa mbali na ya juu, kijiti si cha sampu hiyo. Bomba la kufyonza la sampu fupi ndani ya sampu ndefu litabaki juu ya oili kwenye kona, na la ndefu ndani ya fupi litagusa chini na kujiziba. Kagua pia kiungo chake cha kuchomelea: hupasuka, likafyonza hewa badala ya oili.

Usiamini taa peke yake. Funga geji ya mkono mahali pa swichi ya oili. Oili ikiwa nyuzi 80, shinikizo lisipungue kPa 98, yaani psi 14, kwenye mizunguko 600, na kPa 294, yaani psi 43, kwenye mizunguko 5,000. Swichi mbovu ni ya bei ndogo na hutokea, lakini ithibitishwe kwa geji kwanza.

Shinikizo likiwa sifuri mara baada ya kufunga injini, kuna mambo mawili. Ama pampu ilifungwa kavu na haijashika oili, ama pete ya mpira iliyo kati ya pampu na bloku ilisahauliwa au ilidondoka wakati wa kufunga. Kabla ya kulaumu pete, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde 10, pumzika, rudia, hadi geji ipande. Pampu mpya ijazwe oili kwa mkono kabla ya kufungwa, na skrubu za bamba la nyuma zitiwe gundi ya nyuzi, kwani hulegea zenyewe. Rota za pampu zina unene tofauti. Injini ya AVCS na tabo ikipewa pampu nyembamba ya gari lisilo na tabo, shinikizo litakuwa sawa asubuhi na dhaifu injini ikichemka mchana wa foleni.

Sauti ya kugonga inayofuata mizunguko, ikisikika zaidi ukiachia mafuta kutoka 3,000, ni beringi ya fimbo ya pistoni. Kata filta ya oili kwa msumeno wa bati, tandaza karatasi yake juani. Vumbi jembamba la kijivu kwenye injini mpya linavumilika. Vipande vinavyometameta kama shaba ni beringi. Hapo hakuna dawa ya chupa, na usiendeshe hata kilomita moja. Bloku ifunguliwe na fundi mwenye maikromita, kranki ipimwe. Kuluza ya oili itupwe, usiioshe. Tabo, valvu za AVCS na pampu zisafishwe kipande kwa kipande. Injini nyingi za pili hufa kwa vyuma vilivyobaki ndani ya kuluza ya kwanza.

Kuna kugonga kwingine, kwa mbele na nyuma: unakanyaga klachi, sailensa inashuka au mlio unabadilika. Weka dayogeji (kipimo cha saa) kwenye pulii ya kranki, isukume na kuivuta. Mchezo wa kawaida ni mm 0.030 hadi 0.115, ukomo 0.25. Ukizidi, ama beringi ya kusukuma imekwisha, ama ndiyo ile kranki ya kizazi kimoja kwenye bloku ya kingine.

Gari linachemsha baada ya kufunga injini

Hewa iliyonaswa, mara nyingi. Magari ya tabo hujazwa maji kupitia tangi dogo lililo juu ya injini, si kwenye rejeta, kwa sababu tangi ndilo lililo juu zaidi. Inua pua ya gari, fungua skrubu ya hewa juu ya rejeta, jaza taratibu. Vifuniko viwili, cha tangi na cha rejeta, havilingani shinikizo. Vikibadilishana nafasi maji hutoka mapema au hayarudi.

Themostati ya EJ iko chini, upande wa maji kuingia kwenye pampu, na hufunguka karibu nyuzi 78. Za bei rahisi zina tundu dogo na hupunguza mzunguko wa maji. Kuitoa kabisa, kama inavyofanywa kwenye magari mengine, huku ni kosa: maji yanazunguka ovyo na upande mmoja wa injini unabaki na joto. Angalia pia kama pampu ya maji ina matokeo yote ya mipira ya tabo na kuluza ya oili, kwani aina zake ni zaidi ya moja.

Mapovu yasiyoisha kwenye tangi la akiba, mipira ikiwa migumu asubuhi injini ikiwa baridi, ni gasketi ya hedi. Thibitisha kwa kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya ekzosti. Hedi zipelekwe kwenye mashine na kupimwa kwa rula ya chuma; zaidi ya mm 0.05 zisawazishwe. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Moshi wa bluu

Ukitoka asubuhi tu na kuisha, ni sili za valvu za injini iliyokaa bohari. Ukitoka baada ya kuachia mafuta, angalia kwanza mpira wa kurudisha oili ya tabo, ambao ukikunjwa wakati wa kufunga hujaza tabo oili. Ukitoka kila wakati, pima kompresheni. Injini ya tabo yenye afya hutoa psi 140 hadi 170 usawa wa bahari. Nairobi tarajia pungufu ya kama psi 25 kwa injini hiyohiyo, usiikatae injini nzuri kwa sababu ya mwinuko. Tofauti kati ya silinda ndiyo ya kutazama: ikizidi psi 20, weka kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, pima tena. Ikipanda ni ringi au pistoni. Isipopanda ni valvu.

Gia za otomatiki zinalia au haziingii

Injini imefungwa, inawaka vizuri, gari haliendi mbele wala nyuma, na gia boksi inalia. Hii si ya kompyuta. Konveta, kiungo cha injini na gia boksi ya otomatiki, haikukaa ndani kabisa wakati injini inasukumwa, na bolti za maungio ndizo zilizoibana dhidi ya pampu ya gia boksi. Konveta huingia kwa hatua, inazama na kugota zaidi ya mara moja ukiizungusha huku ukiisukuma. Injini ikikutana na gia boksi, nyuso zake zifungane kwa mkono, na konveta iendelee kuzunguka kwa kidole ikiwa na nafasi ndogo kabla ya bamba la flaiwili. Ukiona pengo linalohitaji bolti kuvutwa, rudi nyuma. Injini za zamani hushika kwa bolti nne na mpya kwa nane. Zikichanganywa, nne zinazolingana zinatosha, lakini zote nne ziwepo. Kama gia boksi imeshalia, itolewe na kufunguliwa na fundi wa otomatiki kabla ya kuwasha tena, maana mabaki ya pampu huenda kwanza kwenye valvu zake.